Karata Zisizoomba Kuchangwa

Alhamisi, tarehe 19 Novemba 2015. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa la kijivu kama sufuria iliyokwanguliwa, na theluji ilikuwa ikianguka kivivu, ikiyeyuka mara tu ilipogusa lami. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya dirisha la jikoni, viwiko juu ya kiti, nikimwomba Mungu jambo ambalo sidhani kama mtu mwingine yeyote wa mji wetu wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, alimwomba siku ile: kwamba jioni, katika duka la karata la Chue Lor, shemeji yangu Einar acheze mchezo mmoja wa karata mpaka mwisho, bila mtu kuuona mkono wake wa kulia ukishindwa.

Nikasema amina, nikasimama kwa kushikilia meza, nikazitazama karata. Zilikuwa zimepangwa ndani ya kisanduku kidogo cha mbao, kila moja katika kifuko chake cha plastiki. Nilizitafuta mimi, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini ambaye majira ya baridi yaliyotangulia hakujua hata kuwasha kompyuta.

Karata zilikuwa nyumbani kwetu kabla yangu. Marehemu mume wangu, Arvid, na mdogo wake Einar walicheza kwenye meza hii hii ya jikoni kwa miaka mingi. Hazikuwa karata za kawaida za shupaza na kopa. Hizi zina picha za misitu, wanyama, wachawi na ngome, na kila moja ina maneno yanayoeleza inachofanya. Zimechapishwa aina maelfu kwa maelfu. Kila mchezaji huchagua zake, akazifanya pakiti moja, kisha huingia nayo vitani. Mimi nilileta kahawa na kuondoa vikombe. Nilichokipenda ni sauti ya Einar akizichanga kabla ya mchezo. Aliendesha winchi kwenye gati la madini ya chuma, mikono yake ilikuwa mikubwa kama majembe, lakini karata zilipita baina ya vidole vyake kama kurasa za Biblia ya mtu anayeutafuta mstari anaoujua.

Arvid alipofariki, Einar alihamia mezani kwa Chue, kila Alhamisi. Mwezi wa Aprili mwaka ule kiharusi kikamkuta akiwa anavaa viatu. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, pamoja na matusi yake. Mkono wa kulia ulibaki umefumbwa, kama wa mtoto aliyeshika peremende na hataki kugawa.

Aliacha kwenda kanisani. Aliacha kufungua mlango. Siku moja aliniambia niyachukue masanduku yake ya karata nimpe yeyote nitakayemwona. Nilimwuliza kwa nini, wakati mkono wa kushoto ni mzima, na kibao chenye mfereji ambacho Arvid alimchongea mama yao kingeweza kumshikia karata.

"Ni kuchanga, shemeji," alisema. "Siwezi kuchanga mbele za watu. Wataniangalia kama wanavyomwangalia mtu anayejimwagia supu."

Mwanzo wa mchezo haukuwa taabu. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, aliweza kuzimwaga karata kitandani, akazivuruga kwa mkono wa kushoto kwa muda aliotaka, akaja nazo tayari. Kwa Chue haikuwa shindano la vikombe, na mpinzani aliridhika akishaikata pakiti. Taabu ilikuwa katikati ya mchezo. Karata nyingi mno humwambia mchezaji: tafuta kitu fulani katika pakiti yako, kisha uchange. Na rangi ya Einar, kijani, rangi ya misitu na wanyama, ndiyo mbaya kuliko zote. Haipiti zamu mbili bila kukutuma kutafuta mti.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano ili niwalee wadogo zangu, na baada ya mazishi ya Arvid nilijikuta na jioni nyingi zisizo na kazi. Nikajiandikisha masomo ya jioni, katika chumba cha chini cha maktaba. Mwalimu wetu, Bwana Okerlund, kijana mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, alitutaka kila mmoja amalize muhula kwa kuleta swali la nyumbani kwake, swali la kweli, ambalo mashine ingeweza kusaidia kulijibu. Jirani yangu alitafuta meli iliyomleta babu yake kutoka Finland. Mimi niliuliza kama ziko karata za kijani za kutosha ambazo hazimwombi mtu kuchanga.

Bwana Okerlund hakuwa amewahi kuziona karata hizo, lakini hakucheka. Tuliipata tovuti iliyokusanya kila karata iliyowahi kuchapishwa, na ndani yake ukurasa wa utafutaji wa kina. Unachagua rangi. Unachagua gharama, na aina, na kama ni adimu au za kawaida. Unaandika hata maneno unayotaka yawemo katika maelezo. Nikaandika kijani, nikaandika changa, nikabonyeza. Karata zikamiminika ukurasa baada ya ukurasa, nami nikahisi moyo ukishuka.

Ndipo mwalimu akanionyesha kistari. Ukikiweka mbele ya neno, alisema, unaiambia mashine ikuletee kila kitu isipokuwa hicho.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikikifikiria kistari kile. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwomba Mungu kwa kutaja ninachotaka: afya, mvua ya kiasi, Arvid aache sigara. Sikuwahi kudhani kwamba unaweza kuanza na kile usichoweza kukibeba, ukakitoa, halafu ukatazama kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa kingi. Dubu, paa wakubwa, nguruwe wa mwitu, majitu ya miti yanayotembea. Nilipunguza tena, nikabakiza karata za kawaida, za bei nafuu, kwa kuwa hizo nilijua zimo katika masanduku yake. Nikaondoa zile za kuokota karata kutoka kaburi la karata zilizokufa, kwani kibao chake ni chembamba, hakishiki karata nyingi. Nikaondoa pia za kurusha sarafu.

"Za sarafu umezitoa kwa nini?" Einar aliniuliza nilipompelekea.

Nilimweleza.

"Sarafu naweza kuirusha kwa kushoto, shemeji. Nimepooza mkono, sikupooza akili."

Nikazirudisha. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mashine ilijua ni karata zipi zipo, lakini haikujua zipi zinapendana. Tulifungua masanduku sebuleni kwake. Mtu aliyekuwa ameachana na karata alibishana nami alasiri nzima juu ya dubu mmoja, akisema ni mvivu, analala zamu mbili kabla ya kupiga, hata kwenye gati angefukuzwa. Nilimtetea dubu kwa sababu ya uso wake. Einar alimtoa, kisha nilipokwenda kuchemsha maji akamrudisha kimya kimya.

Lakini alinipa sharti. Angekwenda mara moja tu, na angecheza mchezo mmoja tu. "Nikiaibika," alisema, "usinitajie karata tena. Wala usinipeleke popote, si kanisani, si kwa nani. Nikae nyumbani kwangu."

Nilikubali, na kwa wiki mbili sikuomba kitu kingine.

Jioni ile duka lilinukia makoti mabichi na kahawa. Chue, mwenye duka, alikuwa ameweka sahani ya roli za kukaanga za mama yake, unga mwembamba ulioviringishiwa mboga na nyama, kando ya mashine ya fedha, kama kila Alhamisi. Alimwona Einar mlangoni, akaita jina lake mara moja tu, akarudi kupanga vitu vyake, nami nilimshukuru kwa kutofanya zaidi. Aliyekuwa mezani bila mpinzani alikuwa Renata Bellanger, fundi wa matairi, mwenye kucha nyeusi na mdomo usiofungika.

"Mzee," alisema, "nilisikia umeokoka ukaacha karata."

"Niliokoka zamani. Nimetumwa nirudi nikupige."

"Keti basi upigwe wewe. Mama mkwe umekuja naye?"

"Shemeji yangu. Anakuombea."

Nilikaa nyuma yake, karibu na rafu ya vikopo vya rangi za kupaka sanamu ndogo za michezo. Einar aliweka kibao mezani, akaweka pakiti. Kwa Chue kuna desturi ambayo wote huishika: hakuna anayegusa karata za mwenzake bila kuomba. Hata za kukata. Hata iliyoanguka. Renata akanyoosha kiganja, akasema kwa sauti ile ile ya kuchoka aliyomwambia kila mpinzani, "Naomba karata zako?" Einar akamsogezea. Akakata. Wakaanza.

Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza, juu ya paja, na huko ulikaa. Einar alicheza kwa kushoto, polepole, lakini si polepole kuliko zamani, kwa sababu zamani alipenda kuwasumbua watu kwa kufikiri. Paa wakatoka. Majitu ya miti yakatoka. Hakuna karata iliyomtuma kutafuta kitu. Yule dubu mvivu akatoka, akalala, akaamka, akampiga Renata pigo la kumfanya aegemee kiti na kupuliza hewa. Watu wawili wa meza ya pili waligeuza shingo kutazama. Nilianza kushukuru kimoyomoyo kabla ya wakati.

Renata alitazama karata zake kwa muda, akachomoa moja, akaiweka mezani, akaanza kuisoma kwa sauti kama ilivyo kawaida. "Kila mchezaji arudishe karata zake za mkononi kwenye rundo, kisha..."

Akanyamaza.

Nilijua neno linalofuata. Mashine nilikuwa nimeiuliza juu ya karata za Einar. Sikuiuliza juu ya za Renata.

Mkono wa Renata ulikuwa tayari unairudia karata. "Nimekosea," alisema. "Nilitaka kucheza nyingine."

"Usiirudishe, binti," Einar alisema. "Umeshaicheza."

Alizitoa karata kwenye kibao, akaziweka juu ya rundo, akalimwaga rundo lote mezani. Akaanza kuvuruga kwa kiganja cha kushoto, kama alivyofanya kitandani. Lakini meza ya Chue ni ya plastiki laini, na vifuko vya plastiki huteleza. Karata zikakimbilia ukingoni. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe kutoka chini ya meza kuzizuia, ule mkono uliofumbwa, ukasimama pale mbele ya watu wote bila kuweza kufunguka. Karata mbili zikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama. Hawakuwa wakatili, ilikuwa desturi yao, na kila mtu alikuwa anasubiri kuambiwa afanye nini.

Nilifumba macho. Nilitaka kuomba, sikupata neno hata moja, si la kutaka wala la kutoa.

Kisha nikamsikia Renata, kwa sauti ile ile ya kuchoka.

"Naomba karata zako?"

"Za kukata?" Einar aliuliza.

"Za kuchanga. Na hizo za chini. Wewe utakata mwenyewe, usije ukasema nimekuibia."

Nilifumbua macho. Einar akazikusanya karata na kuzisukuma kuvuka meza, na alizisukuma kwa mkono wa kulia, kwa mgongo wa ile ngumi.

Renata aliinama akaziokota mbili zilizoanguka. Akachanga. Sauti ikarudi, kurasa zile zikipita haraka, na watu wa meza ya pili wakageukia mchezo wao. Aliliweka rundo mbele ya Einar, naye akakata kwa kushoto.

"Unachanga kama mtu anayekung'uta zulia," Einar akamwambia.

"Cheza, mzee. Unapoteza muda wangu."

Einar alishindwa. Alidai kwamba Renata amewazika dubu wote chini kabisa ya rundo, na Renata akamjibu kwamba dubu hulala majira ya baridi, alitegemea nini. Nilikwishasimama na koti lake mkononi, kwa kuwa mchezo mmoja ndilo lilikuwa sharti. Einar hakulitazama koti. Alimsogezea Renata pakiti yote aichange tena, akaanza kula roli ya kukaanga.

Cheti changu cha masomo ya jioni kimetundikwa jikoni, juu ya kiti ninachopigia magoti. Niliendelea na masomo mpaka nikamaliza, na ukurasa ule wa utafutaji naufungua hata sasa, kwani Einar hunituma kutafuta karata kama anayenituma dukani. Siku hizi haniambii tena nitoe zenye neno changa. Pakiti yake imejaa, inatafuta mti kila zamu, na Renata hulalamika kwamba amekuwa mtumishi wa mtu. Ombi langu la asubuhi ile halikujibiwa. Mkono ulionekana. Nimemshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi kuliko kwa maombi yaliyojibiwa.

Jioni ile walicheza michezo mitatu. Chue alipoanza kupanga viti, alitukumbusha kwamba Alhamisi ijayo ni Sikukuu ya Shukrani na duka halitafunguliwa. Renata akasema hana pa kwenda, atalala. Einar, ambaye tangu Aprili hakuwa amemfungulia mlango mtu mwingine ila mimi, alisimama kwa kushikilia meza. Alimwomba Chue apunguze redio. Chue akaizima kabisa, na wa meza ya pili wakainua vichwa.

"Nyumba yangu ni ile ya kijani, nyuma ya kanisa la Kilutheri," Einar alisema. "Alhamisi ijayo nitapika bata mzinga, mwenyewe, kwa mkono huu mmoja, na mlango nitauacha wazi tangu asubuhi. Njooni na karata. Nimesema mbele yenu wote, na shemeji yangu ni shahidi: nitakuwepo."