Mizunguko ya Bunduki ya Darini

Akina mama wenzangu, kijana wako akishuka kutoka darini na kitu kirefu kimefungwa kwa gunia, usimuulize ni nini. Muulize nani amemuona. Mimi niliuliza ni nini, na kutoka siku hiyo nyumba yangu haikuongea jambo lingine.

Tunaishi Nyansiongo, kwa nyumba ya mawe ambayo mzungu aliacha wakati mashamba yaligawanywa. Baba mkwe wangu ndiye aliipata pamoja na shamba. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa inadondoka juu ya kitanda chetu, kwa hivyo Nyangau, kifungua mimba wangu wa miaka ishirini na sita, akapanda darini kutafuta tundu. Tundu hakuziba. Alishuka na bunduki.

Ilikuwa ya kizamani, ya kuwindia. Chini ya kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma, unausukuma chini na kuurudisha juu kama mpini wa pampu. Risasi haikuwa hata moja.

"Peleka kwa chifu sasa hivi," nilimwambia. "Hata chai usinywe."

"Mama, tulia. Wacha kwanza nijue ni ya aina gani."

Akatoa simu. Huko kwa simu kuna wazee wa ng'ambo wenye ndevu ambao kazi yao ni kueleza bunduki. Walimfundisha kwamba ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda kama skrubu, na hiyo mifereji ndiyo inazungusha risasi ili iende moja kwa moja. Ni kama pia ya watoto: ikizunguka inasimama, ikiacha kuzunguka inalala chini. Kuna bunduki mfereji unamaliza mzunguko mmoja kwa inchi kumi na mbili, na kuna nyingine mpaka inchi ishirini. Ukijua hesabu hiyo, unajua ni risasi gani inaifaa. Hayo yote niliyaelewa. Kile sikuelewa ni kwa nini mtu asiye na risasi anataka kujua.

Nilifikiri mume wangu atamkemea. Lakini Zachariah ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na hesabu ikipita kwa hii boma lazima aikaribishe kiti. Walichukua fimbo ya pazia langu, wakafunga kwa ncha kipande cha kitambaa changu cheupe cha Dorkasi, ule ushirika wetu wa kina mama kanisani, wakapaka mafuta yangu ya kupikia. Fimbo ukiisukuma polepole ndani ya mtutu, inajizungusha yenyewe ikifuata mifereji. Ikimaliza mzunguko mmoja, unapima imeingia inchi ngapi. Futi ya kupimia ilikuwa yangu pia, ya kushonea.

Nyangau alipata kumi na mbili. Baba yake akapata kumi na sita.

"Kitambaa kimeteleza, Baba."

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na tatu. Kitambaa changu hakitelezi."

"Ni kitambaa changu," nilisema. Hakuna aliyesikia.

Kelele ilivuka ua ikamleta Momanyi, jirani yetu. Mtu mwenye akili angeona bunduki akimbie. Yeye alivuta stuli.

"Hii naijua. Marehemu baba yangu ndiye alikuwa anambebea mzungu. Aliniambia ni inchi ishirini."

"Baba yako alikuwa na futi?" Zachariah akamuuliza.

"Alikuwa na macho, omogaka, mzee wangu. Wewe uko na chaki tu."

Basi nikawa na wanaume watatu na hesabu tatu, na chini ya kitanda changu nina miaka ya jela.

Wiki hiyo kukawa na baraza. Manasseh, naibu wa chifu wetu, alisimama akasema yeyote atakayepatikana na bunduki bila leseni ataenda kortini, na asitume mama yake kuja kulia ofisini. Nilihisi ni mimi anaangalia. Kwa mawazo nilimuona Nyangau amevaa nguo za wafungwa, suruali fupi. Ugali ukanikataa. Kila pikipiki ikipunguza mwendo karibu na geti letu, mimi nilikuwa tayari kulia.

Niliwaomba kila siku. Zachariah alinijibu kama mtoto wa darasa la pili. "Mama Nyangau, tukipeleka tutaandika nini? Mtu hawezi kukabidhi kitu hajui hesabu yake. Watatuona wajinga."

Siku ya Sabato hawakuigusa, Mungu ni shahidi. Lakini nyuma ya kanisa nilimsikia Zachariah akimuuliza mzee wa kanisa kama kuhesabu kwa kichwa ni kazi.

Siku ya kumi na sita niliona nikiendelea kuomba nitazeeka bure. Sisi Abagusii tuna ugonjwa mmoja: ubishi ukitushinda nyumbani, lazima ufike kwa chifu. Mpaka wa shamba, ng'ombe aliyekula mahindi, hata jogoo anayewika mapema tumewahi kumshtaki. Kwa hivyo nilipokuwa namwagia mume wangu chai nilisema, "Momanyi anasema kule kwa kituo cha majani chai kwamba amekushinda." Haikuwa uongo. Alikuwa amesema.

"Amenishinda wapi?"

"Anasema unaogopa kesi."

"Mimi? Mimi naogopa kesi?"

Asubuhi wote watatu walivaa makoti. Bunduki ilienda ndani ya gunia, na Nyangau alibeba fimbo ya pazia kama ushahidi. Mimi niliwafuata mpaka ofisini kwa Manasseh na barua niliyoandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: tumepata bunduki darini, tunaisalimisha, na tarehe ya kuipata nikaiweka ile ya ukweli, kwa sababu mimi ni shemasi.

"Bwana Chifu," Momanyi alianza, "tunataka uamuzi."

"Wa mpaka?"

"Wa mizunguko."

Gunia likafunguliwa. Manasseh alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Akapiga simu polisi hapo hapo, kisha akauliza, "Hii ni ya nani?"

Wiki mbili waliigombania. Sasa Momanyi alisema yeye ni mpita njia. Zachariah alikuwa anasafisha miwani. Ni Nyangau peke yake alisema, "Niliitoa mimi." Niliweka barua mezani.

Manasseh aliisoma mara mbili. "Siku kumi na sita, Mama? Mlikuwa mnangoja nini? Polisi wakija nitawaambia nini juu ya huyu kijana?"

"Walikuwa wanahesabu," nilisema.

"Wanahesabu nini?"

Wakamweleza wote watatu pamoja, kila mtu na namba yake. Manasseh akasikiliza. Akaangalia mlango. Akaangalia fimbo.

"Mnasukuma haraka, ndiyo maana," alisema. "Leteni hapa."

Akavua koti. Nyangau alishika mtutu, Zachariah futi, Momanyi akasimamia haki. Manasseh alisukuma ulimi ukiwa nje, akapata kumi na nne, akasema atarudia. Kwa kurudia fimbo ikakwama, na hapo ndipo gari la polisi lilisimama nje. Sajini aliingia akakuta naibu wa chifu amepiga magoti sakafuni, amekumbatia bunduki isiyo na leseni.

Sijawahi kuona mtu wa serikali akitafuta muhuri haraka hivyo.

"Afande, hii ni silaha iliyosalimishwa," alisema, akigonga muhuri kwa barua yangu mara tatu. "Kwa hiari. Huyu kijana ndiye aliileta. Raia mwema. Mimi nilikuwa nakagua."

Kama Nyangau angefungwa, ingebidi waulize na hiyo fimbo ilikuwa ya kazi gani. Aliandikisha maelezo, akaambiwa aende nyumbani. Nilimshika mkono njia yote kama anaenda chekechea, na hakuninyima.

Bunduki iko kituoni na kitambaa changu bado kiko ndani ya mtutu. Kanisani wananiuliza kimeenda wapi. Juzi Zachariah alisema atapita kituoni mara moja tu, kuwasaidia kutoa fimbo. Nimeficha viatu vyake.

Nawaambia ninyi wenye vijana na wenye wazee: mtu wa kwenu akikuomba futi ya kushonea na hana nguo mkononi, usimpe mpaka uone anachopima.