Udi au Tairi

Daktari ndiye aliyetutia wazimu. Alimwambia mdogo wangu Afra kwamba mwanawe Hareb, aliyelala hospitali bila fahamu tangu gari limpindukie, huenda bado ananusa. Aletewe harufu anayoipenda, pengine atazinduka. Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake asubuhi tulikuwa sokoni Sharjah, dukani kwa Maitha, binti anayechanganya manukato ambayo watu wenye akili zao hawajipaki.

Akatuwekea chupa mbili. Ya kwanza Hareb mwenyewe ndiye aliyeiagiza kabla ya ajali, inanuka petroli na tairi lililoungua, maana kijana alikuwa na ugonjwa wa kuzungusha gari barabarani mpaka magurudumu yafuke moshi. Ya pili ni mafuta ya udi wa Kihindi, ule mkali wenye harufu ya zizi. Babu yake alijipaka huo, na Hareb alipokuwa mdogo hakupata usingizi ila amejifunika kanzu ya babu.

Afra akajipaka hii mkono huu, ile mkono ule, akanusa mpaka machozi yakamtoka. Nilimwambia achukue ya tairi. Mtoto anapenda tairi, mpe tairi.

"Tairi ndilo lililomuua, dada," akasema, kisha akajiziba mdomo.

Maitha, masikini, akitaka kumchangamsha, akasema kwa udi ule hata mbuzi wa jirani ataamka. Afra akacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Basi akachukua udi.

Hospitali alimpaka nyuma ya masikio na viganjani. Hareb akavuta pumzi ndefu, na uso wake uliokuwa umekaza ukalegea. Afra akanibana mkono, akinihimiza nitazame. Nilitazama, na mimi pia nilitumaini, mjinga mkubwa. Pumzi zilizofuata zilikuja fupi fupi. Kabla ya alasiri tulikuwa tumempoteza.

Msibani mama mkwe wa Afra, Bibi Shaikha, ambaye si mtu mbaya ila uchungu haumpi mtu adabu, akamgeukia mbele ya wanawake wote.

"Mgeni hupewa kahawa, hupewa tende, na ukimletea udi umemruhusu aende zake. Baada ya udi hakuna kukaa. Hukulijua hilo, Mama Hareb?"

Nani asiyelijua? Tumezaliwa nalo.

"Nililijua," Afra akajibu. "Nilisahau."

Nimemwambia mara ngapi kwamba ni upuuzi, kwamba mtoto aliondoka siku ile gari lilipopinduka? Hunisikiliza kwa heshima, akanikubalia, na haimwingii. Nami sina dawa nyingine.

Nyumbani kwake hakufukizwi udi tena. Wageni hukaa wasijue waondoke saa ngapi. Nami nikiinuka kwenda zangu, hunishika mtandio.

"Kaa, dada," huniambia. "Sijaleta udi."