Bega la Farasi wa Kumi na Mbili

Marehemu dada yake alikuwa na ulimi, jamani. Akiona sanamu ya askari juu ya farasi iliyopakwa rangi ya fedha kuanzia kofia hadi kwato, anauliza, "Huyu anaenda vitani au anaenda kuuzwa pamoja na masufuria?" Mdogo wake, fundi wetu huyu, ambaye ndiye aliyeipaka, hununa mpaka jioni.

Kazi yao ilikuwa hiyo: kupaka rangi sanamu za wapanda farasi wa kale, mtu na farasi wote ndani ya deraya ya magamba ya chuma, kila mmoja urefu wa shubiri. Makumbusho yaliagiza kumi na wawili. Dada alikuwa na kanuni moja na humtoi hapo. Chuma cha safarini ni cheusi kwa vumbi, mafuta na jasho. Hung'aa pale kinapoguswa tu. Kwa hiyo anza na nyeusi, kisha kijivu kwa brashi kavu, kahawia kwenye maungio, na fedha mwisho, chembe tu, kwenye mpini wa upanga na goti linalosugua tandiko.

Waligombania hiyo chembe. Mdogo alimwambia dada yake amezeeka na rangi zake za moshi, akabamiza mlango. Wiki hiyo dada alipiga simu mara mbili. Yeye akaiacha ilie. Alhamisi dada akafa kwa ugonjwa wake wa siku nyingi. Aliacha wapanda farasi kumi na mmoja tayari, na wa kumi na mbili mweusi tii.

Basi mdogo mtu akaketi kummalizia kwa kanuni ileile aliyoibeza. Alimaliza kabla ya adhuhuri, akaenda kula. Aliporudi, bega la kushoto la farasi lilikuwa linang'aa.

Rangi ilikuwa imelika pole pole, doa la mviringo, kama la kitu kilichoguswa miaka. Akasonya. Begani kwa farasi nani anagusa? Akafunika doa, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kunywa chai. Kurudi, doa lipo. Akafunika tena, akatoka tena, likarudi tena. Safari hii nywele zilimsimama.

Yeye hubana sanamu kwenye kibanio anapopaka. Sasa akaiinua kwa mkono wa kushoto aitazame, na dole gumba likaenda lenyewe kukaa juu ya doa. Mungu wangu. Dada ndiye aliyekuwa akizishika hivyo, maisha yake yote, ili mkono wa kulia upake. Doa lilikuwa na joto.

"Dada," alisema, "simu niliisikia." Akalia bila aibu, na doa akaliacha.

Jumatatu akaja mtunzaji wa makumbusho na miwani yake miwili.

"Hapa umekosea, fundi. Mkono wa mpanda farasi haufiki huku. Nani anagusa?"

"Yupo anayegusa."

"Ukiacha hivi seti haiingii makumbusho, na jina la marehemu halibandikwi kando yake. Chagua."

Miaka thelathini kazi ya dada ilikaa kwenye makabati ya watu bila jina, na hilo lilimuuma dada kuliko ugonjwa. Akachukua brashi.

Ilipogusa bega, kitu kikaushika mkono wake na kuusogeza pembeni, taratibu, kama dada alivyokuwa akimrekebisha alipoanza kujifunza.

"Ni kwa ajili ya jina lako," alinong'ona.

Kikamkaza zaidi, mpaka mifupa ikamuuma. Kisha kikaachia.

Akapaka nyeusi, kijivu, kahawia. Mtunzaji akaridhika, akataka kuwafungasha wote. Fundi akamsihi amwachie huyu mmoja hadi kesho mchana.

Kesho yake alitoka makusudi. Alifunga mlango, akala bila kujua anakula nini, akakaa zaidi ya kawaida ili kumpa dada nafasi. Alirudi karibu anakimbia, funguo zikimwanguka. Bega la farasi lilikuwa bado jeusi, na kahawia kwenye maungio, kazi safi kabisa.