Mbele ya Baba Mkwe

Tusajigwe alihukumiwa akiwa nje, mgongo umeegemea ukuta wa kanisa, Biblia ameifunika kwa kanga isilowe. Mvua ya Rungwe haina adabu, hunyesha hata penye kesi. Ndani wazee wa kanisa walikuwa wakimjadili, naye hakuweza kuingia, kwa kuwa aliyeongoza baraza alikuwa Mzee Isakwisa, baba wa mumewe.

Kwetu Unyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Tangu aolewe, Tusajigwe hakuwahi kumwona Isakwisa usoni, wala mzee hakuwahi kumwambia neno. Akisikia kikohozi chake njiani, alijitosa mgombani na kujifunika kichwa hadi mzee apite. Na tusemezane kweli: Isakwisa huyohuyo, kila Jumapili, alituhubiria tuache mila za giza. Hii hakuitaja hata siku moja. Ilimfaa.

Kosa la Tusajigwe lilikuwa kusoma. Miaka ile ya hamsini wazee wetu walishika Agano Jipya la Kinyakyusa tu, na hilo walilijua barabara. Mumewe, Gideoni, aliporudi likizo kutoka machimbo ya shaba, alimletea Biblia nzima ya Kiswahili. Basi wanawake tukawa tunakutana jikoni kwake, tunamenya ndizi huku yeye anasoma, na asiyeelewa anauliza.

Ndipo Anyitike alipouliza lake. Mumewe, Asukile, alikuwa amefariki na kumwachia mabinti watupu. Shemeji yake Yotamu, naye mzee wa kanisa, aliitaka migomba yote, akidai Maandiko hayamjui binti mrithi. Tusajigwe akafungua kitabu cha Hesabu, akatusomea habari za binti za Selofehadi, waliodai urithi wa baba yao kwa Musa, na Mungu akasema wana haki. Jikoni tukapiga vigelegele. Vigelegele hivyo vilimfikia Yotamu kabla chungu hakijatokota.

Sasa shtaka lilikuwa hili: mwanamke asiyewekewa mikono amefasiri Maandiko. Wakimtia hatiani atafungiwa Meza ya Bwana, na fasiri yake itatupwa. Hapo migomba ya Anyitike itakuwa ya Yotamu.

Aliyebeba maneno kati ya ukuta na benchi la wazee alikuwa Saulo, mzee wa mlangoni. Tusajigwe alimpa debe, ndani kikafika kikombe. Alimwambia awasomee wazee sura yote. Saulo akaingia, akasema mama anaomba radhi ikiwa amekosea. Sisi wanawake wa jikoni tulimsikia kwa masikio yetu dirishani. Nilitamani kumrushia tope.

Anyitike, aliyekuwa nasi pale nje na binti zake, akaanza kulia, akamsihi mwenzake aache, migomba na iende, asije akakosa Meza kwa ajili yake. Tusajigwe alifungua kitabu palepale chini ya mchirizi, akapitisha kidole kwenye mistari aliyokwisha kutusomea mara nyingi. Uso wake ukabadilika.

“Hawakumtuma mtu,” alisema. “Walikwenda wenyewe, wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote. Mstari huu mimi nilikuwa naupita tu.”

Aliogopa, asikudanganye mtu. Kwetu husemwa kwamba anayemkabili baba mkwe hujifunga tumbo, na Tusajigwe alikuwa bado anaomba mtoto wa pili. Lakini alishusha kanga kichwani, akaifunga kiunoni, akampita Saulo mlangoni, akaingia.

Sisi tukajazana mlangoni. Wazee walitazama sakafu kana kwamba imeporomoka. Saulo alinyoosha mkono amvute, akaurudisha, maana nani angemgusa mkwe wa mzee mbele ya mzee mwenyewe? Naye Isakwisa, mpiga vita wa mila, alijifunika uso kwa viganja viwili, kama afanyavyo mwanamke mgombani.

“Toka,” alisema. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia.

“Nitatoka, baba, nikimaliza kusoma.”

Akasoma. Sauti ilianza nyembamba, ikakomaa. Yotamu akadakia kwamba mwanamke hafundishi wanaume. Tusajigwe akamwambia kwamba hafundishi, anasoma tu, na kama maneno hayo yana kosa, wamlaumu aliyeyasema. Kisha akaendelea pale alipoachia.

Hapo Anyitike akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akawashika binti zake mikono, akatupenya, akaingia nao. Miguu yao iliyolowa ilisikika mpaka mbele, ikanyamaza kando ya Tusajigwe.

Isakwisa hakuondoa viganja usoni.

“Nani hao walioingia?” aliuliza.

“Ni binti za Asukile, baba,” Tusajigwe akasema. “Wamesimama mbele yako.”