Kufuli Alilorithi Pacha

Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu mepesi, na ukungu ulikuwa umeyalalia madirisha ya maabara ya hospitali.

Karani wa majibu alifika kabla ya wenzake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyejifunza kuandika programu katika masomo ya jioni, na programu yake ndiyo iliyopeleka majibu ya vipimo wodini. Juzi ilikwama kwa saa tano. Mama mmoja aliyetoka kujifungua akachelewa kuongezewa damu hadi akazirai. Lawama zikamwangukia fundi wa mitambo, aliyeitwa Waya kwa wembamba wake. Leo saa nne, katika mkutano wa wakuu, angesimamishwa kazi.

Karani aliifungua programu tena, ingawa jibu alikwisha kulijua. Ndani yake zilikuwamo nyuzi, yaani kazi ndogondogo zinazokwenda sambamba. Programu ilipojigawa kuwa mbili, ile nakala mpya, pacha wake, alirithi kila kitu kama kilivyokuwa, hata kufuli lililofungwa, lile linalozuia nyuzi mbili zisishike kitu kimoja kwa pamoja. Lakini uzi uliolifunga haukuvuka naye. Pacha akabaki akimngoja wa kumfungulia, na hayupo. Mwalimu wa jioni alisema wazi: gawa programu kwanza, anzisha nyuzi baadaye. Karani alibadilisha mpangilio wa mistari miwili, wiki mbili zilizopita, ili programu iamke upesi; bahati ilimlinda hadi juzi, mgawanyo ulipokuta kufuli limefungwa. Hakumwambia mtu.

Siku mbili alikuwa akimwombea Waya kwa machozi. Sasa alipiga magoti kati ya meza na kabati, na maneno yakamkauka. Alikuwa akimtuma Mungu kazi ambayo mdomo wake mwenyewe uliiweza.

Waya alikuwa mlangoni pa chumba cha mkutano.

"Dada mkubwa, umekuja kunizika?"

"Nyamaza, Waya."

"Basi lia kidogo, wasidhani sina ndugu."

Karani akampita, akaingia. Mganga mkuu, mkuu wa maabara na muuguzi wa wodi waliinua nyuso.

"Mitambo haikuwa na kasoro," alisema. "Kosa ni langu. Niligeuza mistari miwili ya programu, nikanyamaza."

"Siku mbili zote hizi?" muuguzi aliuliza. "Na yule mama bado hawezi hata kumbeba mwanawe?"

"Siku mbili, dada. Nilikuwa nasali."

Waya, aliyekuwa amemfuata hadi ndani, alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Naahidi mbele yenu wote, na Mungu anasikia," alisema karani. "Nikitoka hapa, kabla hamjaamua lolote juu yangu, nakwenda kitandani kwake nimwambie kwamba ni mimi."