Mpelelezi na Mpiga Chapa

Kikundi chetu kilikuwa na watu watatu. Mimi nilikuwa napima macho katika duka la miwani. Tairi alikuwa anauza matairi, na tumbo lake nalo lililisaidia jina likae. Mwalimu alifundisha hesabu, na ndiye aliyekaa kwenye swichi ya taa, maana kila akisimama mbele ya watu alianza kujisahihisha.

Jumapili saa tisa alasiri tulikuwa tunafungua ukumbi wa chuo cha ushonaji, tunasukuma vyerehani ukutani na kupanga viti sitini. Onyesho lenyewe halikuwa na siri. Watazamaji waliandika kwenye vikaratasi aina ya filamu waliyoitaka, ya mapenzi, ya vita au ya mizimu. Tulichomoa kimoja kimoja na kuigiza papo hapo, bila kuandaa chochote. Taa ikizimwa, filamu imekwisha. Kuna siku tuliwavunja watu mbavu. Kuna siku tulimsikia mtu akikohoa, tukashukuru kwamba angalau kuna sauti.

Wazazi wangu walikuja mara moja tu, baada ya miaka miwili ya kuahidi. Mama alivaa viatu vya kutokea. Baba alikaa safu ya tatu, akaweka kofia gotini kama mtu anayesubiri daktari. Alikuwa amestaafu kazi katika duka la vipuri, ila kabla ya hapo, nilipokuwa mdogo, alikuwa mpiga chapa kiwandani. Sikuwaambia wenzangu kwamba wamekuja. Nilijua Tairi angewapandisha jukwaani kwa utani.

Akampandisha mmoja hata hivyo, bila kujua. Kikaratasi cha pili kilisema "filamu ya upelelezi". Tairi akasema polisi wote wako likizo, anahitaji mpelelezi kutoka kwa watazamaji, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa mama yangu.

"Mama, wewe una macho ya kazi hii. Njoo."

Nilidhani atakataa. Mama yangu ni mtu wa kuomba radhi kabla ya kupiga chafya. Alimpa baba mkoba wake, akapanda.

Tairi akapiga saluti. "Afande, tuna kesi gani leo?"

Mama alifikiri kidogo. "Kuna mwanamume," akasema. "Kila asubuhi anaondoka nyumbani kwenda kazini. Saa kumi na moja anarudi."

"Hilo kosa kubwa sana," Tairi akasema, na watu wakacheka.

"Ni mpiga chapa. Mimi ndiye ninayemfulia. Miaka sita nimefua wino. Wino kwenye kola, wino kwenye mikono, wino mpaka kwenye soksi, sijui ulikuwa unafikaje. Halafu wiki moja nikaloweka mashati matano, maji yakabaki meupe."

Ukumbi ulicheka kwa kile kimya alichokiweka baada ya neno la mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa na kofia ya polisi ya karatasi, nikisubiri zamu yangu. Sikumtazama baba mara moja.

"Ana mwanamke!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Na mimi nilidhani hivyo," mama akasema. "Nikambeba mtoto mgongoni, nikamfuata. Barabara mbili, soko, daraja. Akasimama kwenye nyumba ya sinema, akakata tikiti ya saa nne asubuhi. Peke yake. Nikakata na mimi. Nikakaa safu nne nyuma yake."

"Ukamkamata!"

"Nilikaa mpaka mwisho. Akatoa chakula nilichompikia, akala gizani. Picha ikaisha, hakutoka. Ikaanza tena, akaiangalia tena."

Tairi ni mchekeshaji mzuri kwa sababu anajua wakati wa kuuliza swali la kijinga. "Sasa Afande, mtuhumiwa yuko mbele yako, ushahidi unao, chakula anacho. Kwa nini hukumkamata?"

"Kwa sababu alikuwa anacheka," mama akasema. "Nyumbani alikuwa ameacha kucheka tangu wiki ile ya mashati. Nikafahamu wamemwachisha kazi na ameona aibu kusema. Nikaona nikimshika leo, kesho atakwenda kukaa wapi?"

Walicheka, lakini kwa namna nyingine, wakiangaliana. Ndipo nilipomtazama baba. Alikuwa ameushika mkoba wa mama kwa mikono miwili.

Miezi ile naikumbuka vizuri. Nilikuwa na miaka minane, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alikuwa anatusimulia filamu wakati wa chakula cha jioni, kila siku moja, na sauti zake zote: risasi, mlango, mwanamke anayelia kwenye treni. Alisema kuna mwenzake kazini, fundi wa rangi, ndiye anayeziona na kumsimulia. Nilimwonea wivu fundi wa rangi yule. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kuigiza, huwa nawajibu kwamba sikujifunza popote.

Baba alisimama. Mwalimu akaweka kidole kwenye swichi, nikamwashiria aache.

"Afande," baba akasema kutoka safu ya tatu. "Mtuhumiwa ana swali."

"Uliza," mama akasema.

"Siku hiyo ilikuwa picha gani?"

"Ya yule mtu wa farasi."

"Ile niliiona mara tisa."

Ukumbi mzima ulilipuka. Walidhani ni mtazamaji mwenye kipaji. Tairi alipiga magoti kwa furaha, akampungia baba apande, lakini baba alikaa. Mama akasimama akimwangalia kwa muda ambao, kwenye vichekesho, ni mrefu mno. Mwalimu akazima taa.

Tulipokuwa tunarudisha vyerehani, Tairi hakuacha kuzungumza. "Yule mama na yule mzee, unawajua? Tuwatafute. Tuwaweke kila Jumapili. Mambo yale huwezi kuyatunga."

"Ni wazazi wangu."

Alicheka, kisha akaniangalia. "Kwa hiyo umewafundisha?"

"Hapana," nikasema. Alielewa akiwa ameshika cherehani upande mmoja, akakiweka chini polepole. Hakulitaja tena wazo lile, na mimi namheshimu kwa hilo.

Niliwasindikiza kituoni. Walitembea mbele yangu, wameachana hatua mbili. Tukafika kwenye duka la dawa.

"Mtoto ulimbeba mgongoni?" baba akauliza.

"Nilimbeba."

"Hakulia?"

"Alilala."

Baba akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na moja," akasema. "Ungeniambia, mke wangu."

"Na wewe ungeniambia."

"Ningeanzaje?"

"Na mimi ningeanzaje?" Mama alisema bila ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Leo yule mwenye tumbo kaniuliza, nikajikuta nasema."

Basi lilikuja, wakapanda. Baba alimwachia mama kiti cha dirishani. Hawakunipungia mkono, nadhani walinisahau.

Baba alinuna siku nne, hivyo ndivyo mama alivyoniambia kwa simu. Siku ya tano, wakiwa wanachambua maharage, akaanza kueleza mwenyewe: siku meneja alipomwita, jinsi alivyovua koti la kazi na kulikunja, siku sinema ilipofungwa kwa matengenezo akakaa stesheni akihesabu mabehewa. Alitaka kueleza yote, kwa mpangilio, toka siku ya kwanza hadi siku alipopata kazi ya vipuri. Mama alikuwa anamkatiza kila mahali alipokosea, maana mashati ya kila wiki aliyakumbuka yeye.

Niliwaomba warudi kutazama, kutazama tu. Mama akasema viti vyetu vinaumiza mgongo. Baba akasema tunazima taa mapema mno, na kwamba filamu ya vita tuliyoigiza mwanzo ilikuwa haina adui. Alikuwa sahihi. Jumapili iliyofuata tuliweka adui, Tairi, na watu walicheka kiasi.