Mikunjo ya Hema

Hema liliporudi kutoka kambini, Sindano hakuuliza lilikuwa wapi. Alilitandaza juu ya meza ndefu, akaingiza kidole kwenye pembe ya sakafu yake, pale mishono miwili inapokutana, akachokoa. Kilichotoka pale ndicho kilichosema. Mchanga mweupe ulisema ziwani. Utomvu uliogandia kitambaa ulisema msituni, juu kwenye misonobari. Tope jekundu lililokauka kama ganda la mkate lilisema kambi ile ya bondeni, ambayo karakana nzima iliiita Kwa Matope, kwa sababu jina lake halisi halikuwahi kukaa kichwani mwa mtu.

Kwa miaka saba alikuwa akishona mahema ya kukodishwa, naye hakuwahi kulala ndani ya hema hata siku moja. Alizijua kambi kama daktari wa meno anavyowajua watu: kwa matundu yao. Kulikuwa na tundu la cheche, dogo na jeusi ukingoni. Kulikuwa na mchaniko wa mwiba, na zipu iliyong'olewa na mtu mwenye haraka. Yote aliyaziba, akaosha, akaanika, akakunja, akatia kwenye mfuko wa kijani. Kesho yake mfuko ulikuwa umeshaondoka begani mwa mtu mwingine.

Jina la Sindano alipewa na Mama Risiti, mwanamke wa kaunta, aliyekuwa na mwili wa kutosha watu wawili na maneno ya kuwatosha wanne. "Mwembamba," alieleza, "na ukimwangusha humsikii." Mteja alipobabaika asijue aende kambi ipi, Mama Risiti aligeuza shingo kuelekea karakanani.

"Sindano! Kuna watu hapa wanataka penye maji."

"Wana watoto?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Wawili, na mbwa."

"Wasiende ziwani. Upepo wa kule unang'oa kamba."

Wateja waliondoka wameridhika, bila kuiona sura iliyowachagulia likizo yao. Naye Sindano hakuziona sura zao.

Siku moja, adhuhuri, simu yake ikalia. Alishtuka, kwani dada yake hupiga Jumapili tu. Tangu mama yao azikwe, miaka sita sasa, simu zao zilikuwa zimepungua maneno kama sabuni inavyopungua bafuni. Mzima? Mzima. Watoto? Wazima. Haya, basi. Hawakugombana. Ungekuwa ugomvi, ungekuwa na mahali pa kushikwa na kusuluhishwa. Dada alikuwa ameolewa mbali, yeye akabaki na mgonjwa, na baada ya mgonjwa akabaki na chumba.

"Shemeji yako amehamishwa," dada alisema. "Ng'ambo. Mkataba wa miaka minne. Tunaondoka mwisho wa mwezi."

Sindano aliutazama uzi uliokuwa ukining'inia kwenye cherehani. "Hongereni," akasema.

"Hongera za nini? Sikiliza. Kabla hatujaondoka nataka tukae wiki moja. Mimi, wewe na wasichana wangu. Si hotelini, kila mtu na mlango wake. Nataka hema moja, tubanane humo."

"Hema?"

"Si wewe ndiye fundi wa mahema? Chagua mahali. Mimi sitatia neno lolote." Kisha akaongeza, "Unakumbuka tulivyolala kitanda kimoja, mguu kichwani, kichwa miguuni? Ulikuwa unanipiga mateke mpaka naamka."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanipiga."

"Haya, mwongo wewe. Chagua, mdogo wangu. Lakini uchague vizuri. Tukiikosa wiki hii, sijui tena."

Jioni ile Sindano alirudi chumbani kwake, akawasha redio ili pawe na mtu anayeongea, akanywa chai kwenye kikombe chake kimoja. Kiti cha pili kilikuwa kimejaa nguo. Hakuna aliyewahi kuhitaji zitolewe. Hakuhangaika kufikiri. Kambi aliyoitaka ilikuwa moyoni mwake siku nyingi.

Karakanani kambi hiyo waliiita Kwa Wastaarabu. Mara chache hema lilikwenda huko, na kila liliporudi lilirudi bila chembe ya vumbi. Kidole chake kiliingia kwenye pembe kikatoka kitupu. Lakini kilichomkamata si usafi. Ilikuwa mikunjo. Mahema mengine yalirudi yamesokotwa kama nguo chafu. Ya Kwa Wastaarabu yalirudi yamekunjwa mara tatu kwa urefu, kisha nusu kwa nusu, kamba zimefichwa ndani, ncha moja tu imeachwa nje kama urefu wa kidole, ili anayefungua ajue pa kuanzia. Hivyo ndivyo mama yake alivyokunja mashuka. Sindano hakuwahi kumwona mtu mwingine anayekunja hivyo.

Alikuwa amewaza sana juu ya watu hao. Aliwaona wawili wawili asubuhi tulivu, kila mmoja ameshika pembe zake, wakisogeleana mpaka vidole vikagusana, bila haraka. Hakuwahi kumtajia mteja yeyote kambi hiyo. Waliokwenda walijichagulia wenyewe. Aliihifadhi kama mtu anavyohifadhi sahani asiyoitumia.

"Kwa Wastaarabu?" Mama Risiti alishangaa alipoambiwa. "Na watoto wawili? Mwanangu, wapeleke Kwa Matope. Watu wanarudi kutoka kule wachafu kama viazi, lakini wanarudi wakicheka."

"Hema moja la kule, mwezi uliopita, nimeziba matundu kumi na manne."

"Ndiyo. Na watu wale wale wakalikodi tena."

 Sindano alilikumbuka hema hilo. Ukutani, kwa ndani, palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, cha tope, vidole vyote vitano. Aliisugua mara tatu isitoke. Mwishowe alishona kiraka juu yake, ingawa hapakuwa na tundu.

Alitangulia siku moja, ili dada afike akute hema limesimama. Basi lilimshusha penye lango jeupe, saa nne asubuhi, na mfuko wa kijani begani. Mbele yake palikuwa na uwanja mpana uliomwagwa kokoto nyeupe, zikashindiliwa mpaka zikawa ngumu kama sahani. Hapakuwa na hema hata moja. Upande mmoja ulikwenda ukuta mrefu wa matofali wenye milango kumi na miwili, yote imefungwa. Mwangalizi wa kambi, mwanamume wa makamo mwenye ndoo na kitambaa, alikuwa akifuta madirisha.

"Karibu, binti. Namba ngapi?"

"Nina hema," Sindano alisema, akauonyesha mfuko.

"Naliona." Mwangalizi alitabasamu kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani. "Liegemeze tu pale kwenye ukumbi, halitaibiwa. Nikufungulie chumba?"

Alidhani hakusikia vizuri. Alikwenda katikati ya uwanja, akatoa kigingi, akakigonga kwa nyundo. Kigingi kilipinda kama kijiko. Akajaribu cha pili, hatua tano mbele. Nacho kikapinda. Mwangalizi aliweka ndoo chini, akamwendea taratibu, kama anayemwendea mtoto anayechimba sakafu ya sebuleni.

"Chini ni mwamba, binti. Hakuna aliyewahi kusimamisha hema hapa. Watu wanaona picha ya uwanja, wanakuja, wanagonga vigingi viwili kama wewe, kisha wanachukua vyumba. Hiyo mifuko yenu ya kijani naijua sana. Inakaa ukumbini wiki nzima, halafu inaondoka."

"Hawayakunji?" Sauti yake ilitoka ndogo.

"Wakunje nini, na hawajakunjua?"

Sindano alikaa juu ya mfuko. Jua lilikuwa limeanza kurudi juu kutoka kwenye kokoto. Mikunjo mitatu, nusu kwa nusu, ncha ya kamba kama urefu wa kidole. Ilikuwa yake. Mahema yale yalikwenda jinsi alivyoyafunga na kurudi jinsi alivyoyafunga, naye kila mara aliitambua kazi ya mikono yake akadhani ni ya watu wengine. Miaka yote hiyo alikuwa akipokea barua alizojiandikia mwenyewe, na kuzifurahia.

Mwangalizi alimhurumia, akamfungulia vyumba viwili vilivyopakana avitazame. Kila kimoja kilikuwa na vitanda viwili vyembamba vilivyotengwa na meza, na shuka lililotandikwa bila kasoro. "Hapa hutasikia kitu," alimwambia kwa fahari. "Mtu anaweza kukaa wiki asijue nani yuko jirani."

Ingekuwa rahisi. Dada alisema hatatia neno, na asingetia. Yeye angechukua mlango huu na binti zake, Sindano mlango ule. Asubuhi wangekutana ukumbini. Mzima? Mzima. Watoto? Wazima. Halafu miaka minne. Alisimama kati ya milango hiyo miwili, simu mkononi. Maisha yake yote alikuwa mwepesi wa kusema *sawa*. Alipiga.

"Dada, nimekosea."

"Nini tena? Umeumia?"

"Mahali. Nimechagua vibaya. Ardhi haishiki kigingi."

"Eh!" Nyuma ya sauti ya dada, watoto walikuwa wakigombania kitu. "Nyamazeni nyie! Sasa hakuna hata vyumba?"

"Vipo."

"Basi si tuchukue vyumba? Hawa wamefunga mabegi tangu juzi, mmoja analala na viatu."

Mwangalizi alikuwa amerudi kwenye madirisha yake. Kitambaa kilikuwa kikilia juu ya kioo.

"Sitaki vyumba," Sindano alisema.

 Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwambia dada yake *sitaki*.

"Unataka nini?"

"Nataka unipige teke."

Sindano akatoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Kisha akasikia pumzi, na ndani ya pumzi kicheko, na kicheko kile kilikuwa na maji ndani yake.

"Mguu kichwani?" dada aliuliza.

"Kichwa miguuni."

"Wewe mtoto! Haya, wapi sasa?"

"Kuna mahali tunapaita Kwa Matope."

"Jina gani hilo jamani!"

"Leteni nguo mbovu."

Kwa Matope vigingi viliingia ardhini kama kisu kwenye sabuni. Mvua ilinyesha siku ya pili na ya tatu. Binti mkubwa wa dada alijenga bwawa. Mdogo, waliyemwita Kishindo kwa jinsi anavyotembea, alilivunja. Majirani waliazima sufuria wakasahau kuirudisha, wakaja kuomba chumvi wakiwa na sufuria ile ile mkononi. Sindano hakusema mengi, lakini hakuna aliyemwuliza kwa nini hasemi. Alfajiri aliamka kabla ya wenzake, kisigino cha dada kikimkaba ubavuni, akakaa hivyo hivyo bila kukisogeza mpaka ganzi ikamwingia.

Siku ya nne Kishindo alijikwaa kwenye kamba akimkimbia dada yake. Ukasikika mlio ambao Sindano angeutambua hata usingizini: kitambaa kikiachia mshono, shubiri mbili. Wote wakaganda wakimtazama. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ukosi wa blauzi, mahali anapochomeka sindano yake. Akaigusa, akaiacha.

"Haya," akasema, "sasa tuna dirisha." Na Kishindo, aliyekuwa tayari amekunja uso alie, akaingiza kichwa kwenye tundu na kuwachungulia kutoka nje.

Asubuhi ya mwisho alianza kulishika hema pembe, dada akamnyang'anya. "Wewe kaa. Umekunja vya kutosha." Alilisokota kama mkeka, akalikalia litoe hewa, akawaita watoto nao walikalie. Kamba moja ilibaki ikiburuta. Zipu ya mfuko ilikataa, wakaifunga kwa lesi ya kiatu. Kisha gari lilikuwa limejaa na injini inanguruma, na dada ameshusha kioo.

"Utapiga simu?"

"Nitapiga."

"Na siyo Jumapili tu."

Gari lilizunguka kona ya miti. Sindano alibaki na mfuko wa kijani, akaenda kusubiri basi.

Jumatatu mahema sita yalikuwa yakimngoja. La saba aliliweka mwenyewe mezani. Lilikuwa limevimba upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na bonde, pale dada alipokaa. Kamba ilining'inia hadi sakafuni, na tope jekundu lilikuwa likidondoka kidogo kidogo.

"Sindano!" Mama Risiti aliita kutoka kaunta. "Lile hema ulilokwenda nalo, namba tisa, liko tayari? Kuna mtu hapa analitaka."

Alikiweka kidole juu ya fundo la lesi. Kulifungua ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Angelitandaza, angechokoa pembe, angeosha, angeziba dirisha la Kishindo, na jioni lingekuwa limekunjwa mara tatu kwa urefu, kisha nusu kwa nusu.

"Bado," akajibu.

"Lina nini?"

 Sindano alilibeba kwa mikono miwili, bonde lake lisijae, akalisukuma chini ya cherehani, akavuta hema jingine. Mchana kutwa, mguu mmoja ukikanyaga pedeli, wa pili uliligusa lile furushi na kutulia kando yake. Jua lilipokuwa linahama dirishani, alisimamisha cherehani, akatazama pazia kama kuna mtu. Kisha akalipiga teke, polepole, akangoja.